Ticha Anapata, Denti Anafeli!

Leo mambo ya mapenzi tuyaweke kando kidogo, maana nina aibu yangu nataka niitoe hadharani mwenyewe kabla hajaitoa mtu mwingine.

Wanaonijua wanajua kwamba maandishi haya hayanilipii chumba. Jioni nafundisha tuisheni ya hesabu huku kwetu uswahilini, uani kwa mama mwenye nyumba wangu: ubao mmoja, mabenchi matatu, shilingi 500 kwa kichwa kwa siku. Elimu yangu ni fomu foo tu, lakini hesabu zilinikubali. Madenti wakanibandika jina la Ticha Nondo na mimi kichwa kikavimba. Mtu akileta swali nalipiga ubaoni dakika mbili, chaki inaruka, wao wanakopi. "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" Haya, leta lingine.

Basi bwana, Januari matokeo ya fomu foo yakatoka, na binti mmoja wa pale kwangu akala F ya hesabu. Mama yake anauza maandazi, na ile 500 hajawahi kuikosesha hata siku ya mvua. Akanifuata na daftari la bintiye mkononi. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akalifungua ukurasa baada ya ukurasa, vema, vema, vema, na kalamu nyekundu ni yangu mwenyewe. "Mwalimu," akaniambia, "mimi sikusoma. Lakini humu ndani mwanangu kapata zote. Sasa aliyekuwa anapata ni yeye au ni wewe?"

Loh! Mate yalinikauka.

Mnakumbuka yale matokeo ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013? Watahiniwa zaidi ya 240,000, kama 60 kwa mia, wakapata divisheni ziro, nchi nzima ikawa msiba mpaka serikali ikaamua yapangwe upya. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka watu walivyogombana redioni. Wakalaumiwa walimu, wakalaumiwa wanafunzi, ikalaumiwa serikali. Sisi wa tuisheni za uchochoroni nani alituuliza? Tunachukua hela jioni, matokeo yakiwa mabaya ni ya shule.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwalimu mstaafu, ambaye kutwa yuko chini ya mwembe na drafti lake. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote. Hakunijibu kitu. Kesho yake jioni nikamwona kaja kukaa benchi la nyuma, na saa mkononi. Nilipomaliza akaniita pembeni. "Mwanangu, umeuliza maswali kumi na saba. Yote umeyajibu wewe. Ukiuliza hungoji hata sekunde mbili."

Nikadhani ananionea. Kumbe ni ugonjwa wa walimu wa dunia nzima. Nilikuja kusoma kwamba Marekani, miaka ya 1970, mama mmoja mtafiti aitwaye Mary Budd Rowe alirekodi sauti madarasani akapima, akakuta mwalimu wa kawaida akishauliza anangoja kama sekunde moja tu. Walipofundishwa kungoja tatu au zaidi, watoto wakaanza kutoa majibu marefu, na wale wanaokaa kimya au kusema "sijui" wakapungua. Sekunde tatu, jamani! Hata chai haipoi.

Nikajitetea: "Mzee, nikikaa kimya wataona sijui." Akacheka, akanivutia kigoda. "Drafti hii ina miraba mingapi?" Nane kwa nane, nikasema, 64. "Basi?" Basi. "Na huu mkubwa unaozizunguka zote, si mraba?" Hapo nikakwama. Nikaomba kanuni. Yeye anasogeza kete tu. Baada ya muda, "Ingekuwa drafti ndogo, mbili kwa mbili?" Nikahesabu: minne midogo, na mkubwa mmoja, mitano. "Na ya tatu kwa tatu?" Niliondoka na karatasi na nilikesha nayo usiku wa kwanza na wa pili. Sijafurahi hivyo tangu nilipomaliza shule.

Njia hiyo, mzee aliniambia, aliiandika Mhungaria mmoja, George Pólya, katika kitabu chake cha mwaka 1945, naye alifundisha chuo cha Stanford: lielewe swali, panga njia, ifuate, halafu rudi ulitazame jibu lako. Ukishindwa swali kubwa, tafuta dogo linalofanana nalo.

Wiki nzima nikawa mimi ndiye denti. Mzee anajifanya mwanafunzi mbishi na mimi namfundisha, na kila nikinyakua kalamu ananigonga vidole na rula. Kalamu ikae kwa mwenye swali. Usiulize "umeelewa?" maana jibu lake ni "ndiyo" hata kwa aliyelala. Sema "nieleze umeanzaje". Akikosea usikimbilie kupiga mkasi, mwulize jibu hilo linaingia akilini? Ila mzee hasemi tusifundishe. Mtoto asiyejua kabisa kujumlisha sehemu, ukimzungusha na maswali mpaka saa mbili usiku unamtesa bure. Huyo mfundishe, halafu mwachie.

Biashara? Iliyumba, tusidanganyane. Nilikuwa na 14, nikabaki na tisa. Watano wamehamia mtaa wa pili kwa ticha anayemwaga nondo kama nilivyokuwa mimi, na wanatangaza kwamba siku hizi Ticha Nondo ameishiwa. Hiyo ni 2,500 kwa siku, hela ya kula kabisa.

Lakini yule binti mama yake kamrudisha. Novemba anarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, ndivyo Baraza linavyowaita, na kwangu jina hilo lilikuwa halijawahi kumfaa mtu. Juzi nikampa swali la umri: baba ana mara nne ya umri wa mwanawe, baada ya miaka sita atakuwa na mara tatu. Akaandika, akafuta, akaandika. Mimi mikono mfukoni, viganja vinawasha. Ghafla akaangua kicheko. "Ticha, mtoto wangu ana miaka hasi sita! Hajazaliwa!" Sikusema neno. Akarudi mwenyewe juu ya karatasi na kidole. "Aa, baba nimemwongezea sita, mtoto nimemsahau." Akapata 48 na 12, akazirudisha kwenye swali, zikakubali. Vema yake nilitaka kuiandika, akaniambia haina haja, ameshahakikisha.

Novemba bado, siahidi mtu chochote.

Kuhusu miraba ya drafti, jibu silitoi, na msinipigie simu. Nilipompelekea mzee la kwangu aliniuliza tu, "Una uhakika?" halafu akala kete zangu mbili.