Sheria Ndiyo Iliyokuja na Meli

Wasee wangu, leo hakuna kuchekesha. Leo naongea juu ya vijana wa miaka kumi na tano, kumi na sita, wa hapa kwetu Changamwe, wale ambao moyo wao haukufuata ratiba tuliyowapangia. Kijana ambaye mabeshte wakianza kusifu wasichana wa shule ya jirani, yeye anacheka tu asije akashtukiwa. Msichana ambaye jina linalomkosesha usingizi ni la msichana mwenzake. Wako. Wako Chaani, wako Migadini, wako Port Reitz, wako hapa Kipevu karibu na matangi ya mafuta. Ukiniambia hujawahi kumjua hata mmoja, ujue tu hakuna aliyekuamini.

Jibu lenu nishalisikia maskani mara mia: "Hayo mambo ya wazungu, yameletwa." Haya. Mimi ni mtoto wa Kipevu. Vitu vya kuletwa tunavijua sisi kuliko mtu yeyote Kenya hii. Mafuta yanashuka hapa, makontena yanashuka hapa, matrela yanatupigia honi usiku kucha. Kwa hivyo acheni niwaambie ni nini hasa kilicholetwa na meli.

Ni sheria. Kifungu cha 162 cha Kanuni za Adhabu, kile cha miaka 14 jela, hakikuandikwa na wazee wa kaya, wala kadhi, wala nyanya yako. Ni kazi ya Mwingereza. Mfano wake aliutunga India mwaka 1860, kifungu cha 377, halafu akausambaza kwenye makoloni yake. Kwao wenyewe walianza kulegeza sheria hiyo mwaka 1967. India nayo, mahakama yao ya juu ilisema tarehe 6 Septemba 2018 kwamba watu wazima waliokubaliana wasiguswe. Sisi Mahakama Kuu Nairobi, tarehe 24 Mei 2019, ikasema sheria ibaki. Tumekumbatia koti kuukuu la mkoloni, tunaliita kanzu ya babu.

Na maneno je? Shoga, basha, msagaji, hanithi. Tafuta la Kiingereza hapo. Lugha haihangaiki kutunga jina la kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Sisemi zamani ilikuwa raha, maana maneno hayo mengi ni ya kutukana. Nasema usinidanganye kwamba jambo lenyewe lilifika juzi na bando la intaneti.

Dini yako sijaigusa. Ukiamini ni dhambi, amini, sheikh wako na pasta wako wana haki ya kukufundisha hivyo. Lakini hesabu ya dhambi si umeachiwa wewe na kundi lako la WhatsApp.

Sasa tuje shule. Desemba 2021, waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu George Magoha, alisema wanafunzi wa namna hii wasikae bweni, waende shule za kutwa karibu na kwao. Mwaka 2023 Ezekiel Machogu, aliyekuwa na kiti hicho, akatangaza kamati ya viongozi wa dini ikiongozwa na Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, ipambane na jambo hilo mashuleni. Mimi si wakili, chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma najua. Kifungu cha 162 kinaadhibu tendo. Hakuna mahali kinaadhibu moyo. Mtoto wa kidato cha pili anayempenda mtu kimya kimya hajavunja sheria yoyote ya Kenya. Na Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, na inasema maslahi ya mtoto yatangulie. Kila mtoto. Hakuna "isipokuwa".

Mimi nilisoma na mmoja. Jina lake silitaji, shule siitaji. Kidato cha tatu, barua moja ilipatikana ndani ya daftari lake. Barua tu. Hakumgusa mtu, hata kuituma hakuwa ameituma. Ikasomwa paredi asubuhi mbele ya shule nzima, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Akaambiwa alete mzazi, na tangu siku hiyo hakurudi darasani. Alikuwa anatufundisha hisabati sisi wengine usiku wakati wa preps. Leo ni taniboi wa trela, Mombasa hadi Malaba. Taniboi ni kazi ya heshima, lakini yeye hakuichagua. Alichaguliwa na watu waliocheka.

Halafu mnasema mnalinda watoto. Skizeni, hapa ndipo hoja yenu inageuka kuwauma wenyewe. Mtoto wa Kenya tayari ana Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Inamlinda aliye chini ya miaka 18, mvulana kwa msichana, haijali aliyemdhuru ni mwanamume au mwanamke. Hata kifungu cha 162 kikifutwa kesho asubuhi, mtu mzima anayemgusa mtoto ataenda ndani vilevile. Kwa hivyo usiniambie kifungu hicho ndicho ukuta wa mtoto wako.

Kinachombomolea mtoto ukuta ni aibu. Chukua mvulana wa miaka kumi na nne ambaye jamaa mzima wa mtaa amemfanyia ubaya. Atamwambia nani? Akifungua mdomo, kabla hajamaliza ashaitwa jina. Basi ananyamaza. Na yule jamaa anajua atanyamaza, ndiyo maana alimchagua. Kila ukimcheka kijana kwa vile anavyotembea, unamfanyia huyo jamaa kazi yake bure.

Kuna na wale wa simu. Wanafungua akaunti ya uongo, wanamchezea kijana maneno matamu, wanachukua picha za mazungumzo, halafu meseji inakuja: tuma elfu tano kwa M-Pesa ama mamako anazipata leo. Kumtisha mtu ili akupe pesa ni jinai. Lakini kijana ataripoti vipi polisi, wakati kuripoti kwenyewe ni kama kujishtaki?

Na usidhani ni hofu ya kufikirika. Mwaka 2010 hapo Mtwapa, uvumi tu wa harusi ulitosha kuleta umati mpaka kwenye kituo cha afya cha KEMRI. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa upande wa Ukunda na wakalazimishwa kupimwa miili yao kwa namna ambayo siwezi kuiandika hapa. Ilichukua mpaka tarehe 22 Machi 2018 kwa Mahakama ya Rufaa, iliyoketi hapa hapa Mombasa, kusema jambo hilo lilivunja Katiba. Watoto wetu wanazisikia stori hizi. Wanajifunza kunyamaza kabla hawajajua wananyamazia nini.

Najua DM zitajaa: "Kwani wewe ni mmoja wao?" Sijibu. Nikisema siyo, nitakuwa nimewaambia wale vijana kwamba hata mimi naona ni tuhuma ya kukanushwa.

Ninachoomba hakihitaji bunge wala mahakama. Ukitumiwa picha ya mazungumzo ya mtu, ifute, usiisambaze. Ukiwa mwalimu na umepata barua, mrudishie mwenyewe faraghani na umuulize kama yuko salama. Mtu akimtaka mdogo wako pesa kwa vitisho, asitume hata bob moja, aweke ushahidi, atafute mtu mzima anayemwamini. Na mdogo wako akija kukwambia usiku, sauti ikitetemeka, jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, mwambie ameze mate kwanza, umpe maji, umwambie kesho atakwenda shule kama kawaida. Mengine mtaongea pole pole. Huyo bado ni mdogo wako.