Pua juu, mkia chini: kwa nini baadhi ya majimbo ya Marekani yanapima magari kwa futi

Tangu Desemba 1, 2021, ni kosa katika jimbo la North Carolina, Marekani, kuwa barabarani na gari binafsi lililobadilishwa hadi madigadi ya mbele yakawa juu kuliko ya nyuma kwa inchi 4 au zaidi, yaani kama sentimita 10. Virginia ilifuata mwaka 2022 baada ya ajali iliyoua mtu, kisha South Carolina mwaka 2023.

Walengwa wanajulikana. Ni wenye pikapu za mtindo uitwao Carolina Squat, tuseme mchuchumao wa Carolina: mbele juu, nyuma chini, mithili ya mbwa aliyekaa. Lakini lipo kundi jingine, lenye magari ya zamani zaidi, ambalo sheria imelikuta njiani bila kulitafuta. Hao ni wapenzi wa gasa.

Gasa ni gari gani?

Turudi miaka ya 1950 na 1960. Chama cha mbio za dragi cha Marekani, NHRA, kilichoanzishwa mwaka 1951, kilikuwa na madaraja ya magari yaliyotumia petroli ya kawaida badala ya mafuta maalumu ya mashindano. Petroli Wamarekani huiita gasoline, ndipo jina gasa likatokea. Magari mawili hushindana mstari ulionyooka, robo maili, kama mita 400, na mbio huisha kabla hujamaliza kupiga chafya.

Tairi za wakati ule hazikushika lami vizuri. Gari lenye injini kubwa likiondoka kwa nguvu, tairi za nyuma zilizunguka bure na kutoa moshi. Mafundi wakatafuta njia ya kusukuma uzito nyuma. Gari linapochomoka, uzito huhamia nyuma, na kadiri mzigo ulivyo juu, ndivyo unavyohamia zaidi. Abiria aliyesimama ndani ya daladala anaijua hesabu hii bila kufundishwa: dereva akikanyaga mafuta ghafla, aliyesimama ndiye anayeyumba, aliyekaa ametulia.

Basi wakaling'oa gari mfumo wake wa springi za mbele, wakaweka ekseli moja ya chuma iliyonyooka juu ya springi bapa za tabaka, kama za lori. Gari likapanda juu na mbele kukawa kwepesi. Willys za miaka ya 1930 na Chevrolet ya 1955 ndizo zilizopendwa sana kwa kazi hiyo. Baadaye tairi zikawa bora, magari ya mbio yakarudi chini, na madaraja yale yakafifia. Sura ndiyo iliyobaki.

Hatari iko wapi?

Hapa hesabu inasema yenyewe. Chukua Chevrolet ya 1955. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma ni inchi 115, karibu mita 3. Inua pua kwa inchi 4, na mwanga wa taa uliokuwa umenyooka sambamba na barabara utakuwa umepanda zaidi ya mita moja ukifika umbali wa mita 30. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva anayekuja mbele yako.

Mwenye gasa atajibu kwamba taa zina skrubu za kurekebisha, na ni kweli. Lakini boneti haina skrubu. Ikiinuka, inameza kipande cha barabara mbele ya dereva, na mtoto anayevuka huenda yumo humo humo. Mwenye pikapu ya mchuchumao huongeza tatizo kwa kushusha na nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo futi ya polisi hailioni kabisa. Ekseli iliyonyooka ikipanda na kushuka kwenye mashimo hufuata njia yake, na fimbo inayounganisha usukani na magurudumu hufuata njia nyingine. Fundi asipozipanga zilingane, kila bonde linaukata usukani kidogo bila dereva kugusa chochote. Paipu za breki nazo zikiachwa na urefu wa zamani huvutika. Wanaoinua IST na Passo kwa spesa huku kwetu kwa sababu ya barabara mbovu wajue kwamba tairodi na paipu za breki ndizo za kuangalia kwanza, si muonekano.

Je, sheria imekosea?

Kwa maoni yangu, haijakosea. Ni fupi tu. Kipimo cha inchi 4 kina sifa moja kubwa: askari anaweza kukitumia kando ya barabara kwa dakika chache bila kubishana na mtu. North Carolina imekipa meno pia, kwa maana anayetiwa hatiani mara 3 ndani ya mwaka mmoja hunyang'anywa leseni kwa mwaka mzima. Lakini kipimo hakiulizi gari liliinuliwa kwa ajili ya nini, wala na fundi gani. Gari lililoinuliwa sawasawa mbele na nyuma, lakini kwa kazi mbovu ya usukani, linakipita. Gasa iliyofungwa kwa ustadi, taa zikiwa zimeshushwa, inaweza kukwama.

Wapo wanaolalamika kuwa historia inafutwa. Malalamiko hayo nayapokea nusu. NHRA yenyewe iliwawekea gasa kikomo enzi hizo: katikati ya mhimili mkuu wa injini pasizidi inchi 24 kutoka ardhini. Kwa hiyo futi ilikuwepo tangu mwanzo, mikononi mwa wakaguzi wa mbio. Na gasa nyingi za wakati ule hazikutazama mbinguni kama baadhi ya zinazotengenezwa leo. Nyingine zilikaa karibu usawa, juu mbele na juu nyuma.

Huo ndio mlango uliobaki wazi kwa mwenye gari la aina hii katika majimbo hayo. Anaweza kupandisha nyuma pia hadi tofauti ishuke chini ya inchi 4, bila kusahau kwamba North Carolina ina kikomo kingine cha inchi 6 juu ya kimo cha kiwandani, isipokuwa kwa kibali cha maandishi. Au aliache pua lake juu na kulipeleka uwanjani kwa trela, kama wanavyofanya wengi wenye magari ambayo si ya kwenda nayo sokoni.