Taa za Kampala na foleni ya Bwera: mradi haukamiliki siku ya kukata utepe

Mradi wa kuboresha uongozaji wa magari jijini Kampala, unaogharimiwa na Japani kupitia shirika lake la JICA, umeipa Mamlaka ya Jiji, KCCA, taa mpya katika makutano zaidi ya 20 pamoja na kituo kimoja cha kuziongoza. Kwa mkazi wa Kampala anayepoteza saa nzima kila asubuhi ndani ya teksi, hiyo ni habari ya kufurahia. Kwa mfanyabiashara wa Kasese au Bwera, zaidi ya kilomita 350 magharibi mwa jiji hilo, swali la kwanza ni jepesi: sisi inatuhusu nini?

Inawahusu kwa njia mbili. Kwanza, lori linalotoka bandari ya Mombasa kwenda Beni au Butembo kupitia mpaka wa Mpondwe hupita Kampala au pembezoni mwake. Saa linazopoteza huko huingizwa katika nauli ya mzigo, na nauli hulipwa na mnunuzi wa mwisho. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, Kampala imechelewa. Imeanza kupanga makutano yake baada ya magari kulizidi jiji. Kasese na Bwera bado zina nafasi ya kutochelewa hivyo.

Taa ni rahisi, utii ni mgumu

Taa za zamani hufanya kazi kwa saa iliyowekwa. Kila upande hupewa sekunde zake, kuwe na magari mia moja au kusiwe na hata moja. Taa za kisasa hutumia vihisio vinavyohesabu magari na kupeleka hesabu kituoni. Kutoka hapo muda wa kijani huongezwa au kupunguzwa, na makutano yanayofuatana hupangwa ili gari lililoruhusiwa kwenye taa ya kwanza lisikute nyekundu kwenye ya pili.

Mfumo huo una sharti moja: wote wautii, akiwamo askari. Kwa miaka mingi makutano makubwa ya Kampala yaliongozwa na askari wa usalama barabarani aliyesimama katikati ya barabara. Hata pale taa zilipowekwa, kama katika makutano ya Fairway na Bwaise yaliyojengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, askari aliendelea kuonekana saa za msongamano akiamuru kinyume cha taa. Nia yake ni njema. Lakini akiuachia upande mmoja dakika kumi, anaujaza mkondo unaokwenda kwenye makutano ya jirani, na askari mwenzake aliyeko huko naye analazimika kufanya vivyo hivyo. Foleni haiondoki, inahama. Nairobi imeishi na desturi hiyo hiyo: taa zinawaka, na chini yake askari anapunga mkono.

Sharti la pili ni kwamba dereva aamini mfumo unamtendea haki. Mapema Juni 2025 Uganda ilianza kutoza faini za barabarani kwa kamera, zikiwamo za kupita taa nyekundu. Kabla ya mwezi kwisha, utaratibu huo ulisitishwa kutokana na malalamiko ya wananchi. Kamera hazikuwa zimeharibika. Watu walilalamika kuwa viwango vya faini ni vikubwa mno, muda wa kulipa ni mfupi, na alama za barabarani hazitoshi kumwonya dereva kabla ya kumwadhibu. Kifaa kilikuwa tayari, ila makubaliano na watumiaji hayakuwa tayari.

Sharti la tatu ni matunzo. Mfadhili hujenga na kukabidhi, kisha bili ya umeme, vipuri, betri na mishahara ya mafundi hubaki kwa mwenye mji. Kinshasa, tangu mwaka 2013, ilipata sifa duniani kwa roboti za kuongoza magari zinazotumia nguvu ya jua, zilizobuniwa na wahandisi Wakongomani chini ya Thérèse Izay. Roboti zile zilibuniwa kwa kuujua mji wenyewe: umeme unaokatika na madereva waliozoea kutoadhibiwa. Miaka imepita na foleni za Kinshasa bado zipo, kwa sababu roboti haipanui barabara wala haiundi usafiri wa umma. Somo ni kwamba kifaa kizuri hufanya sehemu yake tu, na sehemu nyingine zikikosekana kinageuka pambo.

Barabara iliyobeba kazi ya reli

Sasa tuje Kasese. Mji huu ulikuwa kituo cha mwisho cha reli ya magharibi, iliyofika mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe. Treni ilipoacha kuja katika miaka ya 1990, mzigo wote ulihamia barabarani. Leo barabara kuu ya Mbarara na Fort Portal inapita hapa ikiwa na saruji ya Hima, mabasi ya abiria, magari ya watalii wa Hifadhi ya Queen Elizabeth na malori ya Kongo, yote kwenye lami moja pamoja na bodaboda na watoto wa shule. Kwa Kikorongo barabara inachepuka kuelekea magharibi, na karibu kilomita 38 mbele ndipo ulipo Mpondwe, ng'ambo ya mto Lhubiriha ikiwa Kasindi ya Kongo.

Mtu aliyefika Bwera na Mpondwe siku ya soko haitaji kuelezwa maana ya makutano yaliyozidiwa. Maelfu ya watu huvuka kwa miguu, wengi wao wanawake wenye mizigo kichwani au mgongoni. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni watu wa asili moja, na wasioelewana kwa lugha zao hukutana katika Kiswahili. Kati yao hupita mikokoteni, baiskeli, pikipiki zilizobeba mara tatu ya uwezo wake, na lori ambalo kwa sheria ya Jumuiya linaruhusiwa kufikia tani 56. Hapo ndipo pia magari hubadilisha upande: Uganda huendesha kushoto, Kongo kulia. Dereva aliyetoka Mombasa akishika kushoto safari nzima anatakiwa kubadili mazoea yake ndani ya mita chache, katikati ya umati.

Mwendo huo utaongezeka. Juni 2021, Rais Museveni na Rais Tshisekedi walizindua hapo hapo Mpondwe ujenzi wa barabara za pamoja zenye urefu wa kilomita 223 mashariki mwa Kongo, zikiwamo kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Mwaka uliofuata Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vita vimechelewesha mengi, lakini kila kilomita ya lami inayokamilika ng'ambo huleta magari zaidi upande huu. Tunapanua mdomo wa chupa na kuiacha shingo ilivyo.

Makutano moja, mabwana wanne

Tatizo la Bwera halianzi kwenye vifaa. Barabara ya Kikorongo hadi Mpondwe ni ya kitaifa. Ilikuwa chini ya mamlaka ya barabara UNRA, na baada ya mamlaka hiyo kuvunjwa ipo mikononi mwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Vichochoro, soko na stendi ya bodaboda ni vya halmashauri ya mji. Magari yakiwa mwendoni ni ya polisi. Yakikaribia lango la mpaka ni ya Mamlaka ya Mapato na Uhamiaji. Kila mmoja ana haki ya kusema "hilo si langu" kuhusu lori lililoegeshwa nusu barabarani likisubiri hati zake, na akina mama waliolazimika kulizunguka kwa kuingia njia ya magari.

Ajabu ni kwamba lori hilo hilo linaonekana vizuri sana kwenye kompyuta. Tangu mwaka 2017, Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki. Afisa wa mapato anaweza kujua lori lilisimama wapi na kwa muda gani, kwa kuwa anaogopa kodi isipotee. Taarifa ya namna hiyo hiyo ingeweza kumwambia mkuu wa polisi wa Bwera kwamba malori mengi yatafika kesho kutwa, siku ya soko, ili baadhi yazuiwe Kikorongo hadi jioni. Macho tunayo, ila tumeyaelekeza kwenye mzigo peke yake na kumsahau mtembea kwa miguu.

Kwa hiyo Kasese na Bwera hazina haja ya kuomba kituo kama cha Kampala. Zinahitaji kuchukua kutoka Kampala nidhamu iliyo nyuma ya taa. Hatua ya kwanza ni kuhesabu: magari, pikipiki na watembea kwa miguu, siku ya soko na siku ya kawaida. Bila hesabu hiyo, taa zikiwekwa zitapangwa kwa kubahatisha. Ya pili ni kuondoa barabarani kinachosimama. Egesho la malori nje ya mji, lenye choo, maji na ulinzi, litapunguza foleni kuliko taa kumi. Mji ulioshuhudia shambulio la Juni 2023 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha una sababu ya ziada ya kutotaka magari yasiyojulikana yalale kando ya nyumba za watu. Ya tatu ni kumtenga mtu na gari kwa njia ya miguu yenye ukingo, kutoka sokoni hadi darajani, na kuweka mahali pa kubadilishia upande palipochorwa na kuwashwa taa usiku.

Kuhusu fedha, njia imewahi kuwepo. Kasese ilikuwa miongoni mwa manispaa zilizoongezwa katika awamu ya pili ya USMID, mpango wa Benki ya Dunia wa kujenga barabara, mifereji na taa za mitaani. Mifereji si jambo la pembeni hapa. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 ulibomoa barabara na kuharibu hospitali ya Kilembe. Nguzo ya taa iliyosimikwa kwenye barabara isiyo na mfereji ni fedha iliyowekwa njiani mwa maji.

Jumuiya nayo ina wajibu. Sheria yake ya vituo vya pamoja vya mipakani, ya mwaka 2016, inapanga jinsi maafisa wa nchi mbili watakavyokaa chini ya paa moja ili hati zikaguliwe mara moja. Ni hatua kubwa. Lakini muda unaookolewa dirishani hupotea tena mita mia tatu nje ya lango, mahali ambapo sheria hiyo haifiki. Daraja la Katonga lilipokatika Mei 2023 kwenye barabara ya Kampala na Masaka, magari yaliyokuwa yakielekea kusini magharibi yalilazimika kuzunguka, na nchi nzima ikaona jinsi sehemu moja dhaifu inavyoitikisa njia yote. Makutano yaliyokwama ni Katonga ndogo ya kila siku. Inastahili kuhesabiwa katika mipango ya ushoroba kama daraja au mizani inavyohesabiwa.

Kampala itajua kama mradi wake umefanikiwa miaka mitano baada ya wageni kuondoka: kama taa bado zinawaka, kama kuna fungu la vipuri katika bajeti, na kama askari amejifunza kuiacha taa ifanye kazi yake. Kasese na Bwera zisingoje jibu hilo. Kikao kimoja cha wizara, halmashauri, polisi na mapato, chenye wawakilishi wa wanawake wa sokoni na bodaboda, kinaweza kuamua ndani ya siku moja nani anawajibika kwa mita mia tatu za mwisho kabla ya daraja la Lhubiriha. Uamuzi huo hauhitaji mkopo wala mfadhili. Bila huo, hata taa bora kuliko za Kampala zikiletwa Bwera, zitawaka nyekundu mbele ya lori ambalo hakuna aliye na mamlaka ya kulisogeza.