Kwa Nini Twiti ya Rais Ilipigwa Chini na Barua ya Wizara

Huku Burat, msee akitoka mbali na ng'ombe zake wakati wa kiangazi, haingii tu malishoni kienyeji. Kwanza anatuma watu kwa wazee. Wanakaa chini, wanajuliana hali, wanasema wametoka wapi, wako na mifugo wangapi na wanataka kukaa hadi lini. Ukiruka hiyo hatua, hata nyasi zikiwa tele, ushaanzisha vita.

Shika hiyo picha, juu ndiyo itakusaidia kuelewa drama ya Kenya na Morocco.

Rudi Septemba 2022. Ruto anaapishwa tarehe 13 pale Kasarani, na Brahim Ghali, kiongozi wa Sahrawi, ni mmoja wa wageni. Kesho yake tu, Ruto anakutana na waziri wa mambo ya nje wa Morocco, Nasser Bourita. Mara twiti hiyo: Kenya imeacha kuitambua Sahrawi kama nchi na inaanza kufunga kazi zake hapa. Twiti ikafutwa baada ya muda mfupi, lakini unajua Wakenya. Skrinishoti zilikuwa zishatembea.

Tarehe 16, Macharia Kamau, Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje wakati huo, akatoa barua kwa balozi. Msimamo wa Kenya, akasema, ni ule wa Umoja wa Afrika, na Sahrawi ni mwanachama huko. Halafu akamalizia na kombora: Kenya haifanyi sera yake ya kigeni Twitter, inaifanya kwa hati rasmi za serikali.

Sasa jiulize, aje barua ya karani mkuu inazima twiti ya mkubwa wake?

Jibu liko kwa karatasi yenyewe. Nchi zikiongea, mara nyingi hutumiana noti ya kidiplomasia. Si ile ya thao, tulia. Hii huanza kwa Wizara kutoa salamu zake kwa Ubalozi, na huisha kwa kuuhakikishia tena heshima yake kuu. Hata kama katikati wanachanana vibaya! Hakuna "mimi" wala "wewe" ndani. Kwa kawaida hakuna sahihi ya mtu, ni muhuri na herufi mbili tatu tu. Inaboesha kusoma, lakini maana yake ni kwamba anayeongea ni nchi, si msee fulani aliyeamka na mihemko. Huyo msee akitoka ofisini, karatasi inabaki kwa faili.

Mimi niliachia koleji njiani, haya nimeyasoma kwa simu. Mkataba wa Vienna wa 1961 unasema kazi rasmi za ubalozi zipitie wizara ya mambo ya nje ya nchi mwenyeji. Na kabla hujamtuma balozi, unauliza kwanza kama watamkubali. Wakikataa, si lazima wakuambie sababu. Ni ile tu ya Burat: piga hodi, halafu ndio uingie.

Uganda pia ilijifunza. Oktoba 2022 Muhoozi alitwiti ati jeshi lake linaweza kuchukua Nairobi ndani ya wiki mbili. Wizara yao ikatoa taarifa kwamba Uganda haiendeshi sera ya kigeni mitandaoni, na Museveni mwenyewe akaomba Wakenya msamaha kwa maandishi.

Na usidhani karatasi ni mambo ya wazungu. Mwaka wa 2001, jamii za kaskazini, Isiolo ikiwemo, ziliweka Azimio la Modogashe. Sheria ya wazee ikaandikwa: ukitaka malisho ya wenyewe, omba ruhusa mapema.

Lakini karatasi si malaika. Mei 2025 Musalia Mudavadi alienda Rabat, na tamko la pamoja likatoka: Kenya sasa inaunga mkono mpango wa Morocco wa kuipa Sahara Magharibi utawala wa ndani chini yake. Kitu kilichofutwa kwa twiti kikarudi, kwa sura nyingine, kupitia mlango rasmi. Unaweza kuchukia uamuzi huo. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna wa kusema simu iliandika yenyewe. Kuna hati, kuna wenyewe, na unaweza kuwauliza.

Hapo ndipo hii stori inakugusa. Siku ukiona mkubwa wa gava ametwiti ati kuna maelfu ya kazi nchi fulani ya Ghuba, usipake begi wala usiuze mbuzi wa mathee. Uliza maswali matatu: mkataba uko wapi, nani ameuweka sahihi, na ule upande mwingine umekubali kwa maandishi?

Kama jibu ni skrinishoti, buda, bado hujapigiwa hodi.