Homa ya mpakani ipimwe kabla ya dawa

Mfanyabiashara anayevuka Mutukula au Busia mara tatu kwa wiki anajua bei ya ndizi, kiwango cha kubadilisha shilingi siku hiyo na hata ofisa gani yuko zamu. Lakini kichwa kikianza kumgonga na mwili kuchemka, hesabu zake zote huishia kwenye duka la dawa la karibu. Anaomba dawa ya malaria, anameza vidonge vya kwanza akiwa amesimama, safari inaendelea. Swali analomuuliza muuzaji ni moja tu: dawa ipi ina nguvu zaidi? Lililopaswa kutangulia ni kama kweli ana malaria.

Jibu la swali hilo halihitaji hospitali kubwa. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidoleni, hutoa majibu kwa dakika 15 hadi 20. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Dakika 20 ni chache kuliko foleni ya kugonga muhuri siku ya gulio.

Wengine huuliza ugonjwa wameupata wapi. Dalili za malaria kwa kawaida hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya mtu kuumwa na mbu mwenye vimelea. Aliyefika Nairobi jana akitokea Kisumu, kisha homa ikampanda leo, asiwasingizie mbu wa Nairobi. Ndiyo maana mgonjwa anapaswa kumweleza daktari alikolala wiki mbili zilizopita, hata asipoulizwa. Katika mji wa baridi, ambako malaria ni nadra, mhudumu anaweza kuanza na mafua, na siku mbili za kuchelewa zinatosha kumfikisha mtu pabaya. Anayetapika kila anachokula, anayeshindwa kusimama, aliyechanganyikiwa au aliyepatwa na degedege hana tena kazi na duka la dawa. Akimbizwe hospitali. Mjamzito na mtoto mchanga wasisubiri hata kufika hapo.

Kipimo kikionyesha malaria, dozi ni lazima imalizwe. Dawa mseto iliyozoeleka eneo hili, ALU, kwa mtu mzima kwa kawaida ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, na mara ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza. Inywewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwa sababu tumboni mtupu mwili hauipokei vizuri. Homa hushuka mapema, na hapo ndipo hasara huanza, maana vidonge vilivyobaki huwekwa akiba ya safari nyingine au hugawiwa utingo. Nchini Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania, watafiti wameshabaini vimelea vinavyochelewa kufa mbele ya artemisinini, ambayo ndiyo mhimili wa dawa mseto. Vimelea hivyo havionyeshi pasipoti, na wanaovuka kila wiki ndio wanaoweza kuvisafirisha.

Kipimo kikisema hakuna malaria, wengi hurukia taifodi. Hapa wafanyabiashara wameumizwa sana. Kipimo cha Widal, kinachofanywa kwa bei nafuu karibu kila kituo cha mabasi, kikifanywa mara moja tu hakitoshi kuthibitisha taifodi, kwa kuwa kinaweza kusoma alama za maambukizi ya zamani au hata ya ugonjwa mwingine. Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu, nacho huchukua siku kadhaa. Mtu anayeambiwa ana taifodi kila mwezi, na kila mwezi anauziwa antibayotiki, ana haki ya kumuuliza mhudumu amejuaje.

Lipo jambo ambalo wauzaji wa nyanya na samaki huambiana wenyewe kwa wenyewe: meza dawa ya kushusha homa nusu saa kabla ya kufika kwenye kamera ya joto. Ni rahisi kuwalaumu. Mei 2020 malori yalipanga foleni ndefu Malaba na Namanga yakisubiri majibu ya vipimo vya korona, na aliyebeba mzigo unaooza alijifunza kwamba kuonekana mgonjwa ni hasara. Lakini Marburg iliyozuka Kagera 2023 na Rwanda 2024 huanza na homa na maumivu ya kichwa, sawasawa na malaria. Ebola iliyoingia Kasese Juni 2019 ilitoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, pamoja na familia iliyokuwa safarini. Anayeficha homa mpakani anaipeleka nyumbani kwake kwanza, kwa mke, mume na watoto. Hata hivyo woga huo umetengenezwa na serikali, na ni wao wa kuuondoa.

Wenye presha na kisukari wana taabu nyingine. Dawa ileile huuzwa kwa majina tofauti ya kibiashara Mwanza na Kampala. Asafiri na boksi lake, na amwonyeshe mfamasia jina la dawa yenyewe lililoandikwa kwa herufi ndogo, mfano amlodipini au metformini, pamoja na idadi ya miligramu. Na anayeambiwa kadi yake ya homa ya manjano imekwisha muda baada ya miaka 10, ajue kwamba tangu 11 Julai 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote. Asilipie tena.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Nyanya zimepata cheti cha asili ya bidhaa, malori yamepata vituo vya pamoja vya forodha. Mchuuzi akiugua upande wa pili, kadi yake ya bima ya taifa kwa kawaida haipokelewi dirishani. Ofisa wa afya wa mpakani hupima joto na kukagua kadi, basi. Mawaziri wa afya wa jumuiya wanaweza kuanza na kidogo: chumba kimoja ndani ya kila kituo cha pamoja, chenye kipimo cha haraka, dawa mseto na muuguzi, na ahadi iliyobandikwa ukutani kwamba atakayekutwa na malaria ya kawaida atapewa dozi yake na kuruhusiwa kupita na mzigo wake siku hiyohiyo.