Akiba ya kompyuta huoza

Wahenga walituambia akiba haiozi. Kwa hela ya kibubu sina ubishi nao, ila kwenye kompyuta nawapinga mchana kweupe. Akiba ya databesi, au bakapu kama wanavyoiita vijana wa IT, huoza kimya kimya, haitoi harufu, na siku unayoihitaji ndiyo siku unayogundua kwamba imeoza.

Mtaniuliza, wewe mwandishi wa habari haya mambo ya mafundi yanakuhusu nini? Yananihusu sana. Tovuti ya gazeti, blogu yako, rejista ya shule, daftari la kikundi cha kukopeshana, vyote siku hizi ni majedwali ndani ya databesi. Kama gazeti linatumia WordPress, basi habari zake zote zimelala kwenye jedwali moja linaloitwa wp_posts. Miaka kumi ya kazi ya watu ndani ya jedwali moja! Mwanasiasa akikana alichosema, ushahidi wetu uko humo. Likiharibika na hakuna njia ya kulirudisha, hatuna cha kumwonyesha.

Haya, tuanze na akiba. JournalSpace ilikuwa huduma ya blogu huko Marekani. Seva yao ilikuwa na diski mbili, kila kilichoandikwa kwenye moja kikiandikwa kwenye ya pili papo hapo. Wao waliihesabu hiyo kuwa ni akiba. Desemba 2008 data ilifutwa kwenye diski ya kwanza, na ya pili nayo ikafuta kwa utiifu mkubwa. Wataalamu wa kufufua diski walishindwa, na Januari 2009 wenye huduma wakatangaza kwamba wanafunga. Maandishi ya watu yakaishia hapo.

Mwezi huo huo, tarehe 30, ikaja zamu ya Ma.gnolia, tovuti ya kuhifadhia viungo vya kurasa. Databesi yao ya karibu nusu terabaiti iliharibika. Akiba ilikuwepo, jamani, lakini ilikuwa inafuata faili lile lile hatua kwa hatua, kwa hiyo ilinakili na uharibifu wake.

Mtu atasema hao walikuwa wadogo na hayo ni mambo ya zamani. Sawa. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni ambayo watengeneza programu wa dunia nzima huweka kazi zao kwake, ilipata pigo. Fundi mmoja, usiku, amechoka, alifuta folda ya databesi kwenye seva ambayo siyo. Alipostuka na kusimamisha amri, kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia akiba. Walikuwa na njia tano za kujihifadhi, na hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi kama walivyodhani. Programu ya kutoa nakala za kila siku ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL wakati databesi yenyewe ilikuwa ya 9.6, hivyo kila siku ilishindwa. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko nazo zilikuwa zinakataliwa njiani. Folda ya akiba ilikutwa tupu! Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi mmoja aliitoa kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Wakapoteza data ya saa sita hivi: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, na akaunti mpya kama 700. Nawapa heshima yao, kwani waliyaeleza yote hadharani, na kazi ya kurudisha waliirusha moja kwa moja YouTube.

Ndiyo maana swali la "mna bakapu?" mimi nimeacha kuliuliza, kila mtu hujibu ndiyo. Nauliza hivi: mara ya mwisho mliirudisha lini ikafunguka? Hapo ndipo watu huanza kukuna kichwa.

Sasa tuje kwenye kubadili muundo wa jedwali, maana majanga mengi huanzia hapo. Mhariri anataka kila habari iwe na jina la mpiga picha. Fundi anaongeza safu moja kwenye jedwali kwa amri ya ALTER TABLE. Mstari mmoja tu wa maandishi. Nani angeogopa?

Mimi naogopa, na nina sababu. Kwenye MySQL, ambayo ndiyo inabeba tovuti nyingi za kawaida, ukishabadili muundo huwezi kusema "nimeghairi". Amri hiyo ikipita imepita. PostgreSQL ina uungwana zaidi, mabadiliko mengi ya muundo unaweza kuyafunga ndani ya muamala mmoja na kuyatengua kama hukuyapenda. Tena kuna foleni. Amri ya kubadili jedwali hungoja swali lililotangulia limalize, na maswali yote yanayofuata hungoja nyuma yake. Msomaji wa nje huona kitu kimoja tu: tovuti imeganda.

Na wakubwa pia huganda. Tarehe 27 Novemba 2021 GitHub walikuwa wanamalizia mabadiliko ya jedwali kubwa la MySQL. Kwa utaratibu wao kazi kama hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa, na hatua ya mwisho ni kubadilishana majina tu, jedwali jipya lishike nafasi ya la zamani. Katika hatua hiyo ya mwisho, sehemu kubwa ya seva za kusomea zilikwama, zikingojeana. Huduma ilivurugika kwa saa 2 na dakika 50.

Kuna uharibifu mwingine ambao sisi waandishi wa Kiswahili tunaufahamu kwa macho bila kujua ulikotoka. Umewahi kusoma ukurasa ukakuta ng’ombe badala ya ng'ombe? Huyo ng'ombe ameumizwa na databesi. Zamani MySQL ilihifadhi maandishi kwa mpangilio uitwao latin1 usipoiambia vingine, na ni toleo la 8.0 la mwaka 2018 lililobadili desturi hiyo. Tovuti nyingi ziliingiza maandishi ya UTF-8 ndani ya majedwali ya latin1, na mambo yakaenda. Kisha anakuja fundi mwenye nia njema, anaamuru jedwali zima ligeuzwe kuwa UTF-8. Databesi inatii. Kila ritifaa iliyopinda inageuzwa mara ya pili, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Zinaharibika habari za miaka yote kwa pamoja, na akiba ya usiku huo inanakili ng'ombe walioumia.

Njia salama ipo na wala si siri. Wahenga wale wale niliowapinga pale juu, hapa nawapigia magoti: usiache mbachao kwa msala upitao. Ongeza safu mpya, ya zamani iache mahali pake. Programu iandike kwenye zote mbili. Hamisha data ya nyuma kidogo kidogo, mistari elfu moja moja, siyo yote kwa pigo moja. Linganisha hesabu. Ukiridhika, programu ianze kusoma safu mpya, na ile ya zamani ikae wiki kadhaa kabla ya kuifuta. Na kabla ya yote hayo, toa nakala, irudishe kwenye kompyuta nyingine, kisha fanya mabadiliko huko kwanza. Hapo utajua yanachukua dakika tano au saa tano.

Na jedwali likishaharibika? Mkono usiwe mwepesi. Kwanza simamisha programu isiendelee kuandika. Pili, nakili mafaili ya databesi kama yalivyo, na ubovu wake, uyaweke pembeni. Ndipo ujaribu tiba. Wengi huanza na REPAIR TABLE kwa sababu jina lake linatia moyo, lakini hiyo ni dawa ya majedwali ya aina ya zamani, MyISAM, na mwongozo wenyewe wa MySQL unaonya kwamba yaweza kupoteza data. Majedwali ya InnoDB, ambayo ndiyo ya kawaida tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010, yana njia ya kulazimishwa kuamka yenye ngazi 1 hadi 6. Kuanzia ngazi ya 4 unaweza kuharibu mafaili moja kwa moja, kwa hiyo anza na 1, ukiweza kusoma data itoe upesi uipeleke kwenye databesi mpya. Tiba zote hizi zina uhakika mdogo kuliko akiba iliyopimwa.

Najua jibu la wakubwa wa maofisi: hatuna pesa. Nalikataa. MySQL na PostgreSQL ni za bure. Kurudisha akiba kwenye laptopu ya ofisi mara moja kwa mwezi kunahitaji mtu mmoja na mchana mmoja. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza. Sisi tunahakiki tarehe, majina, vyeo, tunapiga simu tatu kuthibitisha sentensi moja. Halafu kumbukumbu nzima tunamwachia kijana mmoja wa IT, bila kumuuliza kitu, na siku ikipotea tunamfukuza yeye.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Kwenye kikao cha wahariri, mara moja kwa mwezi, ajenda iwe na mstari huu: akiba ilirudishwa tarehe gani, na nani, na habari ya kwanza kabisa ya tovuti ilifunguka? Jibu liandikwe kwenye muhtasari. Wewe unayesoma hapa na una blogu yako peke yako, kikao chako ni wewe na kompyuta. Chukua nakala yako leo jioni, ijaribu kuifungua mahali pengine, utafute chapisho lako la kwanza. Ukilikuta, na ng'ombe wake wakiwa wazima, lala usingizi.