Dadu Isifichwe Mbele ya Mtoto

Mnamo mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huizunguka meza; mmoja huwa msimulizi, na kila mmoja wa wengine huchukua nafsi ya mhusika: askari, mganga au mwizi mwerevu. Msimulizi hueleza hatari iliyopo, mchezaji husema atakalotenda, na pale ambapo matokeo hayajulikani, dadu huamua. Siku hizi wako wazazi wanaocheza michezo ya namna hii na watoto wao wadogo, kwa kanuni zilizorahisishwa.

Dadu za mchezo huu si zile za nyuso sita tu. Zimo za nyuso 4, 8, 12 na 20. Mwanafunzi wa jiometri atatambua kwamba hizo, pamoja na mchemraba, ni yale maumbo matano aliyoyashughulikia Euclid. Kwa kuwa nyuso za kila umbo ni sawasawa, kila uso una nafasi sawa ya kutokea.

Msimulizi huweza kusimamisha ubao mbele yake ili kuficha ramani, na nyuma ya ubao huo akarusha dadu. Mtoto wa miaka sita ataka kuvuka genge. Dadu yaonyesha namba mbaya. Mzazi, kwa huruma, atangaza nyingine. Kwa maoni yangu, huruma hiyo ni kosa.

Tuseme mtoto anahitaji namba 16 au zaidi. Nyuso zinazomfaa ni 5 kati ya 20, yaani robo. Akikosa mara tatu, atadhani kwamba mara ya nne hana budi kupata. Sivyo. Dadu haina kumbukumbu; uwezekano ni robo ileile. Kwa kutolielewa jambo hili, watu wazima hupoteza mali katika kamari. Mtoto aonaye dadu ikianguka waziwazi huanza kulielewa hata kabla ya kufundishwa sehemu. Afichwaye hujifunza kwamba bahati humtii mwenye kulia.

Itasemwa kwamba mtoto huumia shujaa wake anapokufa. Ni kweli, na machozi yake si ya kudharauliwa. Lakini dawa si kubadili namba baada ya kurusha, bali kupanga matokeo kabla ya kurusha. Msimulizi na aseme: "Ukishindwa, kamba itakatika, utaangukia mtoni, na taa yako itapotea." Hapo mtoto atapima mwenyewe kama safari yastahili taa. Na jambo ambalo mzazi hawezi kulivumilia, asilikabidhi kwa dadu kamwe.

Walimu na wanafunzi, hamna haja ya kununua kitu. Andikeni 1 hadi 20 katika vipande vya karatasi vyenye ukubwa mmoja, mvitie katika kopo. Kipande kitolewe bila kutazama, kisomwe mbele ya wote, kisha kirudishwe. Kisiporudishwa, uwezekano hubadilika, kwa nini? Muulizeni ndugu yenu mdogo jioni aombapo hadithi, naye awe sungura wa hadithi hiyo. Jibu lake huenda likawa hesabu yake ya kwanza ya uwezekano.